X Nyekundu za Kabogero

Jumanne, 5 Machi 2024

Nimefika Kabogero nimelowa chapachapa. Boti ya Christian inavuja. Mwenyewe anakataa, eti haivuji, inatoa jasho. Huyu ndiye nahodha wangu, mshika kamba wangu na mpiga soga wangu kwa kazi hii yote. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo, yeye kazaliwa huku huku, Katonga, ila bado ananiita "yaya". Kwao yaya ni dada mkubwa. Kwetu ni mlezi wa watoto wa tajiri. Nimezoea.

Ziwa limepanda tena. Palipokuwa mwalo wa boti sasa ni maji, na chanja za dagaa zimehamia uwanja wa mpira. Nyumba ya mdogo wangu Rozalia — haipo. Nilijua, alishanipigia simu akilia, lakini kujua na kuona si kitu kimoja. Imebaki nguzo moja ya mlango, imesimama ndani ya maji, na ndege mnandi amekaa juu yake anaanika mabawa. Nimeitazama mpaka Christian akanivuta mkono.

Roza na wanawe wamehifadhiwa na jirani. Mumewe yuko Kalemie, anatafuta maisha. Anayatafuta kweli, miaka inakwenda! Roza akanicheka eti nimekonda kama samaki mgebuka mkavu. Basi hicho kicheko ziwa halijakichukua, Mungu ashukuriwe.

Kazi yenyewe: kupima tope litapita wapi siku mlima ukiporomoka. Kijiji kimebanwa. Mbele ziwa, nyuma mlima, katikati mto Nyabitaka unashuka kwa kelele. Barabara haipo na haijawahi kuwepo. Ukitaka kutoka, ni boti au miguu yako.

Alhamisi, 7 Machi

Tumepanda mpaka juu. Magoti yangu yananitukana.

Na nimeukuta. Ufa. Juu kabisa, kwenye mihogo, pale walipofyeka msitu. Umeukata mteremko kutoka ukingo hadi ukingo, na ngumi yangu inaingia bila kubanwa. Nimepiga vigingi pande zote mbili, nikafunga kamba katikati, nijue kama unapanuka. Chini ya ufa kuna shamba zima la mtu, na michikichi yake, limeshikiliwa na sijui nini. Likishuka litaangukia bonde la Nyabitaka na kuliziba. Maji yatajikusanya nyuma ya kizibo. Halafu kizibo kitaachia, na vyote — maji, udongo, mawe, michikichi — vitateremka kijijini pamoja.

Chuoni mwalimu wetu alikuwa na mapenzi na lava. Muhula mzima lava! Namna ya kupima itapita bonde lipi, itafika mtaa gani. Nikajiuliza itanisaidia nini mimi mtu wa Ujiji. Leo nimetumia hesabu zilezile kwa tope. Njia ni moja, mteremko ni mteremko.

Tukiwa tumekaa kupumzika Christian akanisimulia shangazi yake aliyekuwa Goma volkano ilipolipuka. Lava iliingia mtaani kwao polepole, watu wakapata muda wa kung'oa mabati na milango, na hata kugombana nani abebe godoro.

"Lava ina adabu, yaya. Inapiga hodi."

Nikamwambia hili la kwetu halipigi hodi. Likianza safari, unamaliza kikombe cha chai limeshafika ziwani. Hakucheka. Mara chache sana Christian asicheke.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemaliza. Ramani imekamilika, na rangi imenijaa mpaka kwenye nywele.

Ofisi ilinipa kopo la rangi nyekundu na maelekezo mafupi: weka alama zinazoonekana. Nikaweka X. Nukta ingefutwa na mvua, mstari ungedhaniwa uchafu, lakini X inaonekana hata kutoka ziwani. Nilianza na nyumba ya Hamdani, mfanyabiashara wa dagaa, iliyo ukingoni kabisa mwa mto. Ni tupu tangu alipojenga nyingine juu. Atakayelala humo siku hiyo ndiye atakayefagiliwa wa kwanza. Nikampigia X kubwa, upana wa ukuta.

Jioni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elikana, akaitisha mkutano. Nikaeleza yote. Nyumba zenye X zihame kabla masika hayajakolea. Nikawafundisha na ishara moja, nikairudia mara nyingi kama mwalimu wa chekechea: mvua inanyesha, mto unapungua — hapo usikae! Mto unaopungua kwenye mvua umezibwa juu. Panda kigongo cha shuleni, acha kila kitu.

Wakapiga makofi. Sijawahi kuona watu wanaambiwa wahame wakapiga makofi! Mama mmoja akanyoosha mkono: na ambaye hakupigwa X? Nikamjibu kwa furaha, mama, wewe uko salama, kaa kwako. Akaondoka kanuna. Nimekaa na swali hilo kidogo, halafu nikajiambia watu hawa ni waelewa, tatizo langu ni kutoamini mambo yanapokwenda vizuri.

Jumatano, 20 Machi

Ujiji, nyumbani. Ripoti nimeikabidhi ofisini. Bosi Oswald kaisifia jalada.

Roza kapiga simu. Ana sauti ya bibi harusi. Amepata nyumba! Vyumba viwili, sakafu ya saruji, na hatozwi kodi. Nikashangilia naye. Ya nani hiyo?

"Ya Hamdani. Ile ya mtoni."

Nilisimama. Mboga ikaungua. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia ngurumo nikadhani ni mtandao mbovu, kumbe ni Nyabitaka. Nikamwambia Roza, toka humo leo hii, ile nyumba nimeipiga X kwa mkono wangu mwenyewe! Akashusha sauti kama mtu anayeongea mbele ya wageni.

"Nimekuelewa, dada."

Akakata. Nimefarijika. Kama ameelewa, basi kesho atahama.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuhama. Na natamani kulia, ila hasira imewahi nafasi.

Nimerudi Kabogero na boti ya asubuhi. Tukiwa bado majini Christian akapunguza mashine, akasema, "Yaya, ulipiga X ngapi wewe?" Nikatazama. Kijiji kizima ni chekundu! X kwenye nyumba zisizo na hatari yoyote. X chooni. X kwenye jiko la kanisa. Kuna mtu kapiga X mpaka kwenye kipe chake cha kuvulia dagaa, nacho kiko juu ya maji. Kopo langu nililiacha kwa mwenyekiti. Lilipoisha wakatumia udongo mwekundu na mawese.

Mwenyekiti nyumba yake iko kigongoni, mahali salama kuliko pote. Ina X. Mbili.

"Mzee Elikana, na wewe?"

"Injinia, mimi ni kiongozi. Siwezi kubaki nyuma wananchi wakienda mbele."

Ndipo akanieleza, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mambo. X ni barabara. Nani asiyejua? Walipopanua barabara mjini, nyumba zilipigwa X nyekundu hivyo hivyo, na wenye X wakalipwa fidia. Hamdani aliyaona kwa macho yake. Kwa hiyo nilipokuja mimi na kamba na rangi, kijiji kikajua: barabara imefika Kabogero! Siku ile ya mkutano waliponipigia makofi, usiku wake walichinja mbuzi.

"Na tope nililowaeleza?"

"Tulisikia. Kila mradi una maelezo yake."

Ubaya zaidi uko mtoni. Bondeni mle mle, nilipochora mimi kwamba patupu pabaki patupu, wamejenga vibanda vipya. Wamepanda migomba na miche ya michikichi kwa safu, kwa sababu kilichopandwa nacho hulipwa. Miti ya kujengea wameikata wapi? Kule juu. Chini ya ufa! Christian akasema, "Wanajenga ndani ya ramani yako." Nimempigia kelele bure, maskini, yeye kasema ukweli tu.

Jumamosi, 23 Machi

Mkutano tena. Nimesema kama ninavyoweza kusema. Hakuna barabara. Hakuna fidia. X ni alama ya kifo, nimeiweka mimi, na nimekosea kuiweka. Nimesema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiha changu kibovu cha Ujiji. Watu wametulia, wananisikiliza kwa huruma.

Halafu Hamdani akasimama. Kavaa kofia yake safi, taratibu, hana haraka.

"Injinia, shikamoo yako tunaipokea. Sisi tunauliza jambo dogo. Kama ni kifo, mbona mdogo wako wa tumbo moja anakaa mle, tena nyumba ya kwanza uliyoipiga?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Roza. Na yeye, mtoto wa mama yangu, akainamisha kichwa akatabasamu! Tabasamu la mtu anayetunza siri. Kuanzia hapo ningeweza kuongea mpaka Idi. Nimeelewa pia kwa nini Hamdani hatozi kodi. Alihitaji mpangaji ambaye ni ushahidi.

Nilimfuata Roza mpaka ndani. Hapo mto unanguruma kiasi kwamba lazima upaze sauti, nami nilikuwa nanong'ona kwa hasira, kwa hiyo hatukusikizana vizuri mwanzoni.

"Dada, usijisumbue. Kazi za serikali zina viapo. Huwezi kusema wazi, na mimi siwezi kukuuliza. Ulianza na nyumba hii. Nyumba tupu, isiyo na mtu. Nikajua umeniwekea."

"Sikukuwekea! Roza, niangalie usoni. Sikukuwekea!"

"Nimekuelewa," akasema, akanipapasa bega.

Nifanye nini na mtu ambaye kila nikikataa anazidi kuamini? Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Mimi nimemwingiza mdogo wangu.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Mvua tangu Ijumaa Kuu. Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nasikiliza bati.

Christian alipita Kabogero, akanipandia mlimani kwa hiari yake, Mungu wangu, siku ya sikukuu. Kamba imekatika. Mguu wake wote unaingia kwenye ufa, na ni mtu wa miguu mikubwa. Upande wa chini umeshuka, anasema, kama ngazi.

Pilau sikula.

Jumanne, 2 Aprili

Kwa bosi. Nimevaa vizuri makusudi, maana ukilia ukiwa umevaa vizuri husikilizwa. Sikulia lakini. Nilimwomba barua moja tu yenye muhuri: Kabogero hakuna mradi wa barabara. Waisome msikitini na kanisani.

Bosi Oswald si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia maji ya kunywa. Halafu akasema ofisi haiwezi kukanusha barabara ambayo ofisi haikuitangaza. Na hii si idara ya barabara. Na, Skolastika mwanangu, fikiria — wewe na mimi tuandike kwamba wananchi hawatapata barabara? Tutaitwa wapinga maendeleo. Subiri kamati ya maafa ikae.

Itakaa lini?

Baada ya sikukuu.

Na mvua ikiwahi?

"Usizue taharuki," akasema.

Taharuki! Natamani ningeweza kuizua. Natafuta taharuki kwa tochi, sioni hata robo yake. Kabogero wanapanda migomba.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda kwa gharama zangu. Mafuta ya boti ya Christian, matambara, rangi nyeusi. Nimeamua: nitafuta X zote, moja moja, hata kama itanichukua mwezi. Nimeanza na ya Hamdani.

Sikumaliza hata mguu mmoja wa X. Wakaja. Wanaume kwa wanawake, na Hamdani nyuma yao, hakusema neno, ameachia wengine wafanye kazi. Mama yule yule aliyenuna siku ya kwanza akanipokonya brashi. "Leka!" ananipigia kelele kwa Kiha, "acha! Watoto wetu wanazaliwa ndani ya boti tukiwahi hospitali, wewe unatufutia barabara?" Mtu akanirushia bonge la tope, likanipata shingoni. Christian akasimama mbele yangu, nikaona wanaanza kumwambia maneno ya Ukongo wake, watu waliokula naye miaka yote. Aibu ile sijui nitaiweka wapi.

Roza akatoka. Nikadhani anakuja kunitetea. Akasimama mlangoni, mgongo kwenye ile X, mikono ameitandaza.

"Usifute, dada."

Watu wakatulia. Nikamwomba tuingie ndani. Ndani nilipiga magoti. Ndiyo, mimi, mkubwa wake, niliyembeba mgongoni, nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya Hamdani, na tope likinitiririka kifuani. Nikamwapia kwa kaburi la mama. Hakuna barabara. Hakuna siri. Hakuna nilichokuwekea.

Na safari hii aliniamini. Niliona lilipomwingia, usoni, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akakaa chini. Watoto walikuwa wanacheza na vifuniko vya soda pembeni, akawatazama muda mrefu.

Halafu akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Ziwa liliponilia nyumba, hakuna aliyekuja hata kuniandika jina. Nilikaa kwa watu, wanangu wanaambiwa wasiguse sahani. Hapa nina mlango. Nina ufunguo. Tope lako ni labda, dada. Ziwa lilikuwa kweli."

"Njoo Ujiji. Njoo ukae kwangu."

"Kwako chumba kimoja na mume mkali. Wanangu wakakatazwe sahani na huko tena?"

Ni kweli. Nimelitafuta jibu njia nzima, na hata sasa sina, na yule mume mkali anakoroma chumbani hajui kwamba ametajwa.

Nikamwomba watoto basi. Akakataa. Nikamwomba kitu kimoja: mvua ikinyesha na mto ukapungua, usifunge hata mlango. Beba watoto, panda kigongoni. Akakubali. Nikamwambia arudie kwa mdomo wake. Akarudia, akanifuta tope shingoni kwa kanga yake, akanisindikiza mpaka kwenye boti. Tulipokuwa tunaondoka alikuwa amesimama karibu na ile nguzo ya mlango wake wa zamani, maji magotini.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Nimempigia bosi, hapokei. Nimempigia Roza, yupo, mto nausikia nyuma yake unapiga kelele kuliko siku zote. Unapiga kelele — nzuri. Endelea kupiga kelele, Nyabitaka. Sijawahi kuombea mafuriko maishani mwangu, leo nimeombea.

Jumatatu, 8 Aprili

Nyabitaka umejaa mpaka umekigawa kijiji mapande mawili. Roza kanihadithia kwa simu, tena kwa kupiga kelele tusikizane. Waliovuka jana hawajarudi. Shule haifikiki. Kigongo chenyewe hakifikiki kwa upande wao mpaka uzunguke juu kwa ngazi za mawe, nami sikuliweka hilo kwenye ramani yangu nzuri. Kesho kutwa ni Idi mwezi ukiandama, na walioko ng'ambo watasalije?

Kwa hiyo leo alasiri shehe na katekista wamekusanya watu ukingoni mwa mto, Waislamu na Wakristo pamoja, wakaomba dua Mungu aupunguze. Watu walilia, anasema. Hamdani alilia. Ilikuwa nzuri, dada, ungekuwepo.

Dua ya mwisho ilikuwa bado, akainua simu juu nisikie. Nikasikia sauti nyingi, na mto, na mvua. Waliposema amina nami nikasema amina. Mazoea tu ya mdomo. Nilipokata simu ndipo nikatambua nilichokiitikia.

Jumanne, 9 Aprili

Bandari ya Kibirizi, kwenye boti ya Christian. Nimekaa juu ya magunia ya mtu. Sikulala, nimekuja hapa asubuhi nivuke nikawachukue kwa nguvu, Roza apende asipende, mume wangu apende asipende. Upepo umechafua ziwa, boti zote zimezuiwa. Askari wa bandari kavaa koti la mvua, kila nikimsogelea anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa hii Roza kapiga mwenyewe.

"Dada! Habari njema! Dua imejibiwa!"

Nikamuuliza dua gani, nami najua.

"Mto umetulia! Tumeamka umeshuka, sasa unavukika kwa miguu, maji hayafiki hata kwenye kifundo. Na mvua haijakatika, tazama ukuu wa Mungu! Kijiji kizima kiko mtoni. Watu wanafua nguo za Idi. Wanaume wanachota mchanga wa kujengea."

Nilisikiliza. Wanawake wanacheka nyuma yake, ndoo zinagongana, mvua inapiga bati. Mto siusikii. Mara zote nilizompigia katika nyumba ile mto haujawahi kukosa. Leo siusikii kabisa.

Nikapiga kelele. Askari akageuka, wauza dagaa wakageuka. Roza, ndiyo ile! Ndiyo ile niliyokwambia! Umezibwa juu, haujatulia, umezibwa! Beba watoto, waambie wote, panda!

Mvua, bati, cheko la wanawake.

"Watoto wako ng'ambo, mtoni, na wenzao," akasema. Taratibu sana. Halafu: "Nimekuelewa, dada."

Simu ikakatika.

Ameelewa nini? Kama alivyoelewa lini — kama mwezi uliopita aliponipapasa bega, au kama Alhamisi alipokaa chini? Sauti ilikuwa ile ile. Mimi ni dada yake na sikuweza kutofautisha.

Nimempigia Mzee Elikana. Kapokea mkewe, kanisalimu kwa uchangamfu: "Mwakeye, injinia!" Mwenyekiti hayupo, yuko mtoni anagawa zamu za mchanga. Nikamwambia akimbie akapige spika ya msikiti, watu watoke mtoni sasa hivi, sasa hivi! Akasema sawa, atamwambia akirudi kula.

Christian hajaniuliza chochote. Ameshafungua kamba ya nyuma. Sasa anafungua ya mbele. Askari anakuja anapuliza filimbi, na Christian anamwambia kitu ambacho sikisikii, bila kumtazama, ameshika kamba ya mashine.

Nimempigia Roza tena. Inaita.

Mashine imekataa. Anavuta tena.

Inaita. Mungu wangu, nifutie ile amina. Inaita bado. Pokea, Roza, pokea